Filamu Zilizoanikwa Pamoja na Ulezi

Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili: ni mimi niliyeharibu zile filamu, si Fundi Sikazwe.

Siku yangu ya kwanza kazini kama mwalimu, miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka ya Sumbawanga yalipojaa redio za kila aina, nilikabidhiwa maabara ya shule, mizani moja, na barua ya Profesa wangu wa Dar es Salaam. Alitaka nimtengenezee filamu: plastiki angavu iliyoyeyushwa, ikatiwa rangi, ikamwagwa juu ya kioo na kukauka nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa unyevu wa Dar iligeuka nyeupe kama maziwa. Baridi kavu ya Ufipa iliiacha angavu. Kule chuoni Fundi Sikazwe, mtu wa Mpui, aliisogeza mbele ya mwale wa leza na kupima. Plastiki ya kawaida, ukiizidishia mwanga mara mbili, hupitisha mara mbili. Yenye rangi haikutii hesabu hiyo. Mwanga ulipozidi, nayo ilibadili tabia. Hiyo tabia ndiyo tuliyoitafuta.

Agizo lilikuwa kukausha gizani, wiki nzima. Basi la kuzipeleka Dar lilikuwa linaondoka kesho yake. Mama alikuwa ameanika ulezi uani, nami, mhitimu wa fizikia, nikazipanga filamu pembeni ya mkeka. Kwetu kila kitu hukaushwa juani. Zilipauka rangi, nikajiambia ndivyo zilivyo.

Vipimo vikatoka hovyo. Profesa akasema Fundi ameziunguza kwa leza, akamhamishia stoo. Aliponiuliza kama nilifuata agizo, nilijibu, "Ndiyo, Profesa," kwa adabu zote.

Nikahamishiwa Nkasi, nikarudishwa Sumbawanga kuwa mwalimu wa taaluma, nikiwahubiria wanafunzi uaminifu wa vipimo. Mwaka huu nimestaafu kwa hiari, na hakuna tena kengele ya kipindi ya kunikatiza mawazo. Nikaitafuta namba ya Fundi, ambaye siku hizi analima kwao Mpui. Nikamwamkia, nikaeleza yote.

"Nilijua," akasema. "Doa la leza ni kama tundu la sindano. Zako zilipauka pote. Nilimwonyesha Profesa, akasema fundi hawezi kumfundisha kazi."

"Mbona hukuniuliza mimi?"

"Kwa cheo gani, mwalimu? Wewe ulikuwa na digrii. Wanangu wamekua wakijua baba yao aliunguza mali ya chuo. Mkubwa yuko hapa. Mwambie ulivyoniambia."

Akampa simu.