Vumbi la Mawe Meupe

Kutoka Tabora hadi Kiabakari nilitumia siku nne. Treni ilinishusha Mwanza, na kwa kuwa dizeli ilikuwa bado ya kubahatisha miaka ile, nililala stendi hadi likapatikana lori la pamba. Bunda tulipita kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nyuzi zilielea hewani na kunikaba koo. Baada ya hapo ni vumbi jekundu la barabara tu. Mama mdogo, mjane aliyekuwa ameolewa huko, aliponiona alishika kiuno akacheka.

"Wewe mtu au kichuguu?"

Serikali ilikuwa imeanza kuruhusu watu binafsi kuuza dhahabu, naye alikuwa akitwanga mawe ya mgodi wa zamani ndani ya chumba kimoja cha nyumba yake. Nikaanza kumsaidia. Mlango ulifungwa. Dirisha lilizibwa kwa gunia.

"Hapa tunafungaga," aliniambia. "Upepo unabebaga dhahabu."

Hayakuwa maneno tu. Kila Jumamosi tulifagia kuta, boriti na utando wa buibui, tukaosha uchafu ule kwenye karai. Mara nyingine chini pakang'aa punje mbili tatu za njano. Ungemwambiaje afungue dirisha?

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Mwalimu wa kemia alitufundisha kwamba vumbi linaloanguka si la kuogopa sana. La kuogopa ni lile linalobaki juu, dogo kiasi cha kufika mwisho wa mapafu. Pale Kiabakari nililiona. Bati lilikuwa na tundu la msumari, na mwanga ulioingia hapo ulijaa vumbi likizunguka. Tuliacha kutwanga, tukaenda kula ugali na dagaa, tukarudi. Lilikuwa bado juu. Nilisimama mlangoni, nikaogopa kuvuta pumzi.

Jioni nilikagua kitambaa nilichojifunga puani. Pembeni kilikuwa chekundu, udongo wa barabara. Palikuwa na weusi wa moshi wa kuni. Katikati, pale nilipopumulia, kilikuwa cheupe na kigumu kama kimetiwa wanga.

Mama mdogo hakujifunga kitu. Alikunywa maziwa mgando kila jioni, eti yanasafisha kifua. Mwaka wa pili hakuweza tena kupanda kutoka kisimani bila kukaa chini mara tatu. Hospitali walimpa dawa za kifua kikuu, akamaliza dozi nzima, lakini kikohozi hakikuisha. Nilikuwa nikimsikiliza akipumua upande wa pili wa ukuta, na mimi nikijipima pumzi zangu.

Nikampeleka tena hospitali, Musoma. Daktari aliinua picha ya kifua dirishani, akakunja uso.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Mkulima."

"Mkulima tu?"

"Mihogo na mtama, daktari."

Mama mdogo hakuwa na leseni ya dhahabu. Aliogopa watu wa serikali watakuja kuchukua mawe. Alinikanyaga mguu chini ya meza. Nami niliogopa, lakini si leseni.

"Anatwanga mawe ya dhahabu," nikasema. "Ndani, dirisha limefungwa. Hata mimi natwanga."

Daktari akaweka picha mezani. Alisema vumbi la mawe likishaingia halitoki, wala hakuna dawa ya kulitoa. Kilichobaki ni kuacha leo hii, asiongeze.

Tukiwa mtaa wa Mukendo, tunatafuta gari, alinigeukia.

"Mwanangu, umeniuza."

"Mama, nataka uishi."

"Nitaishi kwa kula nini? Picha?"

Asubuhi niling'oa lile gunia la dirishani. Upepo ukaingia, unga mweupe ukainuka kwenye kinu. Akaja mbio, akakohoa hadi akashika ukuta. Alipoweza kusema, alinyoosha mkono barabarani.

"Rudi kwenu. Leo."

Nilifunga nguo zangu. Nikamsihi twende wote Tabora, akaliokota gunia. Nilipofika barabarani nilisikia nyundo ikigonga misumari, analirudisha gunia mahali pake. Halafu kinu kikaanza. Lori la Bunda lilisimama, nikapanda.