Gauni Nililokataa Kulichoma

Mzee mmoja wa Kizungu, mwongozaji wa filamu kutoka Ulaya, alikodi ghala kule Huangpu atengeneze picha ya mahipi wa Marekani, wale vijana wa zamani waliokataa vita, kazi za ofisini na mali za wazazi wao. Mahipi weusi akaja kuwatafuta kwetu sisi wafanyabiashara wa Kiafrika tunaonunua nguo huku kwa Wachina. Mie mzigo wangu ulikuwa unasubiri meli, nikaenda. Nisiseme uongo, nilitaka sana kuonekana kwenye filamu. Tangu udogo nimetaka.

Akanichagua niwe wa mbele. Nikavishwa kizibao cha nyuzinyuzi na shanga hadi kitovuni. Wenzangu wakanicheka, ati hipi gani huyu mwenye tambo la mama ntilie.

Katikati ya ghala palikuwa na rundo la nguo mpya. Tukaambiwa tusubiri kidogo. Kusubiri gani mbele ya nguo? Huyu akavuta mshono, yule akapima kitambaa kwa vidole, mwingine akakisia bei ya Shisanhang, soko letu la jumla. Mwongozaji aliporudi akakuta rundo lake limekunjwa na kupangwa kwa saizi. Akacheka, akalivuruga kwa mguu. Kisha akaeleza: nitachukua gauni, nitalitupa motoni kwa furaha, wenzangu watanifuata. Vijana wale, alisema, walikuwa wanajikomboa na utumwa wa vitu.

Aliyetutafsiria alikuwa mwanafunzi wa Kitanzania. Nikamwambia, "Mwanangu, mwambie sichomi."

"Shangazi, ni maigizo tu."

"Na moto nao ni wa maigizo?"

Moto ulikuwa wa kweli, unawaka ndani ya pipa, na gauni lilikuwa la kweli, la maua, lenye bitana. Duka langu la kwanza nyumbani liliungua na nguo zote. Siku mbili mimi na mama tulichakura majivu, tukaambulia vifungo. Sikukombolewa na chochote. Niliumia, na mpaka leo naumia. Labda vijana wale walikuwa na kwao pa kurudi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yote hayo niliyasema, na mwanafunzi akayatafsiri.

Mzee akanishika mkono, machozi yakimlenga. Hakuwa mtu mbaya. Akasema basi, nisichome. Nisimame mbele ya kamera nisimulie habari ya duka, majivu na vifungo, huku wenzangu wakichoma nyuma yangu. Picha nzima ningekuwa mimi tu, uso wangu umejaa ukutani, Ulaya yote inanitazama.

Nilitaka. Wallahi nilitaka.

Nikamjibu kwa neno la Kichina ambalo wenye maduka wa hapa hututupia wakichoshwa na bei zetu: "Bu mai." Siuzi. Hilo halikuhitaji mkalimani, maana nguo za filamu alikuwa amezinunua mwenyewe sokoni, na huko hakuna asiyetupiwa neno hilo. Nikavua shanga zake, nikamwekea mkononi, nikatoka.