Kutembezwa Buffalo

Kwa miaka miwili mdogo wangu wa kiume aliniomba niende Buffalo nikatembee, na kila mara nilimjibu kwamba sisi tuliokuja Marekani, huku Louisville, kupakia mizigo ghalani hatuna muda wa kutembea. Kiangazi cha 2015 akapiga simu tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi.

"Dada, kuya tu. Siku tatu. Tutakuonesha maji."

Wiki ile simu ya mama yetu kule Uvira, Kongo, ilikuwa haipatikani. Nikaomba ruhusa kazini siku ileile.

Kwetu habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Unaitwa kwa kisingizio chochote, unalishwa ushibe, watu wanakaa karibu nawe, halafu mmoja anakohoa. Ndiyo maana mtu akinifanyia wema bila sababu, moyo wangu huanza kuuliza nani hayupo.

Basi liliposimama Columbus, mama mdogo anayekaa Whitehall, pembeni ya mji huo, alikuja kituoni na sambusa za moto, akanikumbatia muda mrefu. Nikayachunguza macho yake. Hayakuwa mekundu, lakini yule mama anajua kujipodoa.

Buffalo nilikuta kila kitu kimepangwa. Dereva alikuwa jirani wa mdogo wangu, mwanamume aliyezaliwa katika mji wa vilimani chini ya Himalaya.

"Mbona huendeshi mwenyewe?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Yeye njo anajua njia."

Nikaelewa. Mtu anayejua kwamba atalia hashiki usukani.

Siku ya kwanza walinipeleka porini, kwenye maporomoko madogo ambayo nyuma ya maji yake mwali wa moto unawaka wenyewe. Siku ya pili tukaenda kwenye korongo refu, tukala nyama ya kuchoma. Yule jirani akanieleza kwamba kwao mgeni akifika, kesho yake anapelekwa kwenye maporomoko yaliyo chini ya mji, kisha kwenye pango la popo, kisha juu ya kilima alfajiri aone milima ya theluji. Asipotembezwa hivyo, anahesabiwa kama hajafika. Maelezo yalikuwa mazuri mno. Nikajua huyu ndiye aliyepewa kazi ya kunilainisha.

Na kila nilipofungua mdomo kuuliza, mdogo wangu aliruka kuninunulia kitu: soda, mahindi, kofia ambayo sitaivaa maisha yangu yote.

Siku ya tatu ilikuwa Niagara. Maji yalinguruma, tukalowa, watu wakapiga picha. Mdogo wangu akanishika mkono, yeye ambaye hajanishika mkono tangu tulipovuka mpaka tukiwa watoto. Hapo nilichoka. Nilimkasirikia kwa kunizungusha kama mtoto.

"Sema," nikamwambia. "Mama amekufa lini?"

Akaniachia mkono.

"Si wewe njo umekuya kuniambia?"

Naye alikuwa amempigia mama wiki nzima bila kumpata. Upole ule kwenye simu ulikuwa woga. Na nilipokubali kuja bila ubishi, mimi ninayebishia hata hali ya hewa, akajua basi, ukoo umenituma mimi mkubwa nimletee msiba. Tangu nishuke kwenye basi alikuwa ananikimbiza kutoka maji haya hadi yale ili nisipate mahali pa kuanzia.

Kumbe hakuna aliyejua lolote. Hilo halikututuliza hata kidogo, kwa sababu mama bado hakuwa amepatikana. Tukasogea mbali na ngurumo, akabonyeza namba ya mama kwa kidole kilicholowa.

Ikaita. Ikaita tena.

"Allô?" Ilikuwa sauti yake, na ukali wake wote. "Wiki muzima umeme hakuna, umerudi leo tu, na unapiga saa ninapika!"

"Mama!" tukapiga kelele wote wawili kwa pamoja.

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Muko wawili pamoja, fasi moja?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Bon. Musinifiche, batoto yangu. Nani amekufa?"