Dumuzi Niliowapelekea Wakwe

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, lakini leo nina duka mbili hapa Zombe na nyumba ya mawe (nimeijenga mimi, na darasa la nne sikumaliza), kwa hivyo mkitaka kucheka, chekeni tu.

Miaka ya themanini nilikuwa namposa Mwende, nikanunua gunia mbili za mahindi Emali, kwa lori lililotoka upande wa mpakani, nizipeleke kwao Makueni siku ya kupewa jibu. Nilipozifikisha kwangu Zombe, nikaona vidudu vyeusi. Bwana shamba akanionya, "Huyo ni dumuzi, mgeni kutoka ng'ambo. Tandaza mahindi kwa tabaka jembamba, uyageuzegeuze, kisha utie dawa. Akiwa ndani ya punje, joto la juu juu halimmalizi."

"Jua la Zombe linaangusha punda," nikamjibu, "litashindwa na mgeni?"

Basi nikamwaga gunia zote juu ya turubai moja, rundo likanifika magoti, nikakaa kivulini. Jioni nikashika ya juu, yanachoma mkono, vidudu vimekufa, nikashona gunia, nikangoja siku yangu karibu miezi miwili.

Siku ikafika, wazee wa ukoo wameketi na vikombe vya chai, nami nimevaa suti ya kijivu (ya kuazima). Nikasema, "Wengine huleta mahindi. Mimi nimeleta mahindi yaliyopigwa pasi na jua." Nikafungua gunia moja bila kuombwa, nikazamisha mkono mpaka kwapani, ukatoka mweupe kwa unga, dumuzi wanapanda suti, wengine wakarukia chai.

Baba Mwende akachungulia kikombe chake. "Asante, kijana. Umetuletea yakiwa yameshasagwa."

"Na mboga imo," akasema shangazi yake Mwende.

Baba Mwende mwenyewe hakucheka. "Ghala yangu ile pale. Ondoa wageni wako kabla hawajaiona, ndipo nikujibu."

Nikabeba gunia mgongoni, moja moja, nikiwa na suti ile ile ya kuazima, mpaka kwenye shimo la takataka, nikachoma zote, nikarudi nanuka moshi, nikasimama kama mshtakiwa.

"Msichana tumekupa," mzee akasema. "Lakini mahindi atakuwa akikagua yeye."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwende anatandaza, anageuza, anatia dawa, ghala yetu imejaa, na mimi nakaa kivulini kama siku ile, ila jua la Zombe sijalisifu tena mbele ya mtu.