Jiwe la Mtungi wa Mama Dehai

Mtu akikutana na Mama Dehai kwa mara ya kwanza, kitu anachokiona kabla ya kingine ni pua yake. Si kwa ukubwa wake, bali kwa kazi anayoipa. Mama huyu hunusa kwanza, kisha husalimu. Ukiingia uani kwake naye anachambua vitunguu majani, atainua uso, atavuta hewa kidogo, na atakuambia ulichokula asubuhi. Kijijini kwetu, kaskazini mashariki mwa China, karibu na ziwa lililozungukwa na mawe meusi ya volkano, watu walimwita walipotaka kujua kama figili zilizohifadhiwa shimoni zimeanza kuharibika au kama mchuzi wa soya umeiva. Alikwenda, akanusa, akatoa hukumu, na hakuna aliyekata rufaa.

Ndiyo maana mtungi wake wa kabichi ulipoharibika, habari ilizunguka kijiji kizima kabla chai haijapoa.

Kwetu kila nyumba ina mtungi wa kabichi chachu. Vuli ikifika, kabichi ndefu huvunwa kabla jalidi halijaziunguza, huanikwa juu ya ukuta siku chache, kisha hupangwa ndani ya mtungi unaofika kiunoni, kwa chumvi na maji, na juu yake huwekwa jiwe zito la kuzikandamiza. Baada ya mwezi hivi zimechachuka, na huliwa hadi barafu ya ardhini itakapoyeyuka. Adui yake ni mafuta. Tone tu likiingia, kabichi hulainika na kuvuta ute kama makamasi. Na lipo neno jingine ambalo wazee hulisema kwa sauti ya chini: mtungi ukioza, kuna mtu wa nyumba ile ambaye hatauona Mwaka Mpya.

Vuli ile mume wake, Mzee Miao, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akitundika mahindi, akaumia mgongo. Mtoto wao Dehai anachomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli kule Dalian, na hakupata ruhusa. Akamtuma mkewe, Caiyun, msichana wa Guangxi, kusini kabisa, ambako majira ya baridi ni jambo la kusimuliwa tu. Alikuwa ameolewa masika ya mwaka uleule. Alilima, akang'oa figili, akabeba kabichi kifuani kama watoto wachanga. Jioni aliketi ukingoni mwa kang, kile kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, akamkanda baba mkwe mgongo. Kwenye kizingiti cha dirisha aliweka kopo lake dogo la mafuta ya mikono, lenye picha ya ua jekundu.

Siku ya kufunua mtungi, Mama Dehai aliwaalika jirani zake wawili, Mama Qiao na Bi Tan, kama ilivyo desturi yake. Mama Qiao ni mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. Bi Tan ni mjane mkongwe asiyesema sana. Mama Dehai alifungua kitambaa, akainua kifuniko, na harufu ikawapiga wote watatu usoni.

"Funika, shoga, funika," Mama Qiao alisema, mkono wa koti puani. "Hata mimi nisiye na pua nimeelewa."

Bi Tan aligeuza macho tu kuelekea chumba cha ndani, ambako Mzee Miao alikuwa akiguna akijigeuza.

Ni jicho lile lililomtia Mama Dehai hofu. Kama hakuna mkono uliokosea, basi ni mkosi, na mkosi ulikuwa umelala mle ndani na mgongo wake. Mdomo wake ukatangulia kabla ya akili.

"Si mkosi," alisema. "Ni huyu na mafuta yake ya kopo. Nilimwambia aoshe mikono, kumbe anajipaka asubuhi na jioni kama bibi harusi."

Caiyun alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Sikupaka, Mama. Tangu tuanze kazi ya kabichi sikupaka."

"Basi mafuta yaliruka yenyewe kutoka kwenye kopo?"

Mama Qiao akacheka. Caiyun alimimina chai, akawapa wakubwa vikombe kwa mikono miwili kama inavyopasa, kisha akatoka. Peke yake alizitoa zile kabichi zilizooza, akazipeleka kwenye rundo la mbolea nyuma ya bustani, safari baada ya safari, na jiwe pia akalitoa mwenyewe.

Mzee Miao alipoweza kuketi, Caiyun alirudi Dalian. Kopo lilibaki dirishani.

"Kalisahau," Mama Dehai alisema.

"Hakulisahau," mumewe akajibu. "Kasema amekuachia wewe."

Mama Dehai akaona ni dhihaka, akanuna siku mbili.

Theluji ya kwanza ilipotulia, alishuka kwenye shimo la mboga, akatoa kabichi zilizobaki, akaamua kuanza upya. Aliuchemshia mtungi maji, akausugua. Kisha akaliweka jiwe ndani ya karai, akalimwagia maji yanayochemka. Lilikuwa jiwe jeusi la volkano, lenye vitundu kama mkate, alilorithi kwa mama mkwe wake. Alipoinama kulisugua akaona juu ya maji vijicho vidogo vinavyong'aa. Kilikuja kimoja, vikaja viwili, vikaungana.

Alidhani ni mwanga wa dirisha. Akachovya kidole. Kiliteleza.

Ndipo alipolinusa lile jiwe, yeye anayenusa kila kitu cha kila mtu. Lilinukia mdalasini na nyama. Na mara akakumbuka Sikukuu ya Mwezi, mwezi mmoja na kitu kabla ya kupanga kabichi. Alikuwa amepika kichwa cha nguruwe, akakitoa mifupa, akakifunga ndani ya kitambaa, na akatafuta kitu cha kukikandamiza usiku kucha ili kesho yake kikatike vipande vyembamba vya kuwapendeza wageni. Tofali lilikuwa na matope. Jiwe lilikuwa karibu. Wageni walikisifu sana kile kichwa. Jiwe aliliosha kwa maji baridi, basi.

Aliketi sakafuni. Aibu ilimpanda hadi masikioni, ingawa jikoni hakukuwa na mtu. Baadaye akaenda dirishani, akafungua kopo. Lilikuwa karibu kujaa, na vumbi limekaa kwenye ukingo. Akaikumbuka mikono ya yule binti siku ile akitoa vikombe. Vidole vilikuwa vimepasuka, viwili amevifunga vitambaa, naye alikuwa ameviona kwa macho yake akajisemea kuwa watu wa kusini ni dhaifu.

Alilitupa jiwe nje, akaenda kuchukua jingine la mtoni, laini.

"Mbona jiwe la mama umelitupa?" Mzee Miao aliuliza.

"Limezeeka."

"Jiwe?"

Akaanza kupanga kabichi mtungini. Jumapili Dehai alipiga simu. "Mwaka Mpya tutaona, Mama. Caiyun anasema tikiti za treni ni ngumu kupata."

"Mwambie..."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie avae vizuri. Kuna baridi."

Katika mwezi wa mwisho wa mwaka, kwa kalenda yetu ya mwezi, watu walianza kuchinja nguruwe wa sikukuu. Kila mwaka Mama Qiao akichinja, sufuria kubwa la nyama na kabichi hupikwa kwa kabichi chachu ya Mama Dehai. Mwaka ule Mama Qiao alitumia yake mwenyewe, na alihakikisha kila mtu amejua.

"Kuleni, kuleni. Kabichi ya leo imetoka kwa wasio na pua."

Watu walicheka, na Mama Dehai akacheka nao kidogo. Kisha mtu mmoja upande wa pili wa kang akasema, "Bora yule mkwe na mafuta yake alirudi kwao. Angewaozeshea hata maharage."

Wakacheka tena. Mama Dehai alikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Angeweza kukaa kimya. Kimya hakigharimu kitu, na kesho wangezungumza mengine. Na kweli alikaa kimya. Bakuli lilizunguka, soseji ya damu ikakatwa, watu wakabadilisha mazungumzo, naye bado anatafuna kipande kilekile.

"Ni mimi," alisema, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akizungumzia habari hiyo.

"Wewe nini?" Mama Qiao aliuliza.

"Mtungi. Ni jiwe langu. Nililikandamizia kichwa cha nguruwe Sikukuu ya Mwezi, nikaliosha kwa maji baridi. Yule binti hakupaka kitu."

Mama Qiao akaanza kutikisika kwa kicheko, na nyumba nzima ikamfuata. "Wewe? Na pua hiyo? Unanusa figili zangu chini ya ardhi, na kichwa cha nguruwe mapajani mwako hukukinusa?"

Mama Dehai aliyapokea yote, macho kwenye bakuli. Bi Tan, ambaye hakuwa amecheka, akamsogezea kikombe.

"Umetuambia sisi," alisema. "Vidole vilivyopasuka si vyetu."

Mama Dehai alitoka kabla chakula hakijaisha. Nyumbani alishika simu, akaiweka, akaishika tena, hadi Mzee Miao akaichukua, akabonyeza mwenyewe, akamrudishia ikiwa inaita.

"Mama?" Nyuma ya sauti ya Caiyun kulikuwa na kelele za sokoni.

"Ilikuwa jiwe," alisema, bila hata salamu. "Nililiwekea kichwa cha nguruwe. Haikuwa wewe."

"Najua, Mama."

"Unajua?"

"Siku ile nilipolitoa liliniteleza mikononi. Nikalinusa."

"Kwa nini hukusema?"

"Wageni walikuwepo."

Mama Dehai alifunika uso kwa mkono wake mtupu. Aliyokuwa ameyapata kwa Mama Qiao yalikuwa mvua ya rasharasha tu. Binti ambaye yeye alimwaibisha mbele ya watu alikuwa ameibeba aibu ya mama mkwe nje pamoja na kabichi zilizooza, akaizika, akanyamaza.

"Mwanangu," alisema mwisho. "Nimeweka mtungi mwingine. Sitaufungua. Uje uufungue wewe, mbele yao. Hata sikukuu ikiwa imepita."

"Nitazungumza na Dehai."

Hakusema ndiyo. Siku kadhaa baadaye Dehai aliandika kwamba wamepata tikiti, za kusimama njia nzima, na kwamba watashuka mjini asubuhi na kupanda basi la kijiji.

Sasa sikukuu imekaribia. Unga umekandwa, nyama ya jiaozi, vile vifurushi vya unga vya kuchemsha, imekatwakatwa, lakini haina kabichi, na Mama Qiao amekwisha kupita mara mbili kuuliza kama wanakula unga mtupu mwaka huu. "Bado haujafunguliwa," Mama Dehai humjibu. "Mwenyewe hajafika." Alikuwa amejaribu kuunusa mtungi kupitia kitambaa, akaona haya, akaondoka. Kwenye kizingiti cha dirisha ameweka kopo jipya, lenye ua lilelile, kando ya lile la zamani.

Tangu asubuhi amefagia theluji kutoka mlangoni hadi barabarani, na imeanguka nyingine, na amefagia tena. Mzee Miao, fimbo mkononi, amesimama nyuma yake.

"Ingia ndani. Basi halinusiki."

"Nyamaza, Baba Dehai," anamwambia, na anatega sikio kuelekea kwenye kona ya barabara, ambako mlio wa injini umeanza kusikika.