Kasian na Sanamu ya Pili

Mtu anayebahatisha hunichosha, lakini simdharau. Akishindwa hucheka, hununua muhogo wa kuchoma, huenda zake nyumbani. Ninayemdharau kwa moyo wote ni mjinga mwenye utaratibu. Nimekutana naye Kitwe, nimekutana naye Goma, na Blantyre nilipanga naye chumba kimoja. Lakini aliyekamilika kuliko wote nilimkuta Kihesa, mjini Iringa, msimu wa mvua, katika banda la gemu la Jofrey, mbele tu ya chumba nilichopanga.

Jina lake Kasian. Alikuwa mzaliwa wa Mbalizi, kule Mbeya, mtoto wa muuza mbao. Alikuja Iringa kusoma mambo ya ugavi, akabaki kutunza stoo ya duka la pembejeo. Umri wake ulikuwa umeshapita ule wa kuonewa huruma. Jioni vijana wa mtaa waligombania pedi za kuchezea na kupigiana kelele za mpira wa kwenye skrini. Kasian hakuwatazama. Alikuwa na kona yake, kompyuta yake ya mezani na gemu moja tu, ambayo pale bandani iliitwa Nyumba ya Milango. Unaingia chumbani, mlango umefungwa, kuna fumbo; ukilifumbua unaingia chumba kingine chenye fumbo gumu zaidi. Hakuna mtu wa kupiga risasi. Gemu yenyewe ilikuwa nzuri, na lazima niseme ukweli, Kasian alikuwa hodari. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mjinga asiye na kipaji hatembei mbali.

Alikuwa na sheria zake, na alizitoa kwa sauti ya askofu anayetoa kipaimara.

"Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kisipoleta jibu, kirudishe kilipokuwa. Na kilichokataa kimekataa. Hukigusi tena."

Siku moja alifika kwenye chumba cha sanamu tatu za mawe, kila moja na sanduku miguuni. Ya kwanza ilisema, "Ufunguo uko kwangu." Ya pili ikasema, "Kwangu haupo." Ya tatu ikasema, "Kwa wa kwanza haupo." Juu ya mlango iliandikwa kwamba ni mmoja tu kati yao anayesema kweli.

"Fungua lile la kwanza, kaka, tuone!" Jofrey alipiga kelele. "Mwenyewe kasema anao!"

"Ndiyo maana wewe unauza dakika na mimi nazinunua," Kasian alijibu bila kugeuka. "Tuseme uko kwa wa kwanza. Basi wa kwanza kasema kweli, na wa pili naye kasema kweli. Wakweli wawili, haiwezekani. Futa. Tuseme uko kwa wa tatu. Wa pili kasema kweli, wa tatu kasema kweli. Wawili tena. Futa. Kabaki wa pili. Hapo wa kwanza mwongo, wa pili mwongo, mkweli ni wa tatu peke yake."

Akafungua sanduku la pili. Ufunguo ulikuwemo. Vijana wa mpira wenyewe walipiga makofi.

"Kwa hiyo anayesema hana ndiye anao," alisema Lusia kutoka mlangoni.

Lusia alikuwa fundi cherehani wa chumba cha jirani, na kila alipochoka kukanyaga mashine alikuja kusimama pale na sindano zake kifuani. Alikuwa na akili, mikono safi na wateja wengi, na alitaka kuolewa na Kasian. Nimeishi katika lugha sita na hakuna hata moja iliyonipa maelezo ya jambo hilo. Kasian naye alimtaka. Walikuwa wameelewana wenyewe. Kilichobaki ni kupeleka washenga kwa baba mdogo wa Lusia, Mzee Saulo, aliyemlea tangu baba yake afariki.

Mshenga alikuwa Mzee Eliezeri, mwenye nyumba wangu, mtu aliyeozesha nusu ya Kihesa. Alinichukua na mimi, kwa sababu nilikuwa na koti. Kasian alibaki nyumbani, kama inavyotakiwa.

Mzee Saulo alitupokea vizuri. "Kamwene," tukajibu "kamwene," tukaulizana habari za mvua, za mahindi, za miguu ya Mzee Eliezeri. Kisha Eliezeri akasema tumesikia nyumba hii ina ua, na kijana wetu angependa kulitunza. Mzee Saulo akakunja uso, akatazama juu kwenye mabati.

"Wageni wangu, mmepotea njia. Hapa hakuna binti wa kuolewa."

Alipokuwa akisema hivyo, Lusia mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele yetu akitumiminia ulanzi, pombe ya mianzi, ule mtamu wa siku ileile.

"Kweli tumepotea, mzee," alisema Eliezeri akipokea kikombe. "Basi Jumamosi tutapita tena kuulizia njia."

"Njia ni ya serikali. Siwezi kumzuia mtu kupita."

Jikoni wanawake waliangua kicheko. Tukanywa, tukaaga, tukaondoka. Njiani Mzee Eliezeri alikuwa karibu kucheza ngoma.

"Umeona, mwandishi? Wametukataa vizuri sana! Wangekubali leo ningeingiwa na wasiwasi. Nyumba inayotoa binti siku ya kwanza inamtupa."

Tulimkuta Kasian bandani. Mzee Eliezeri akamwambia kwa furaha kwamba tumekataliwa.

"Walisemaje? Nataka maneno yenyewe."

"Mzee Saulo kasema hapa hakuna binti wa kuolewa. Kwa hiyo Jumamosi..."

"Basi," alisema Kasian. Akaweka kipanya chini taratibu. "Kilichokataa kimekataa."

Mzee Eliezeri alifikiri ni utani. "Kijana wangu, ndivyo inavyosemwa. Kwani kwenu Mbalizi wanasemaje?"

"Mzee, mimi siishi kwa inavyosemwa. Niliuliza, nikajibiwa. Kuuliza jambo lililojibiwa ni kupoteza muda."

"Kwa nini usimwulize Lusia?" nikamwambia. "Yuko ukuta wa pili. Ukikohoa anasikia."

Alinitazama kama wanavyotazamwa watoto wanaouliza Mungu anaishi wapi. "Lusia siye mwenye kutoa jibu. Jibu limeshatolewa."

Mzee Eliezeri akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga, na siku zile zote hakunisemesha, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa Kasian.

Jumamosi ilifika. Kwa Mzee Saulo walichinja kuku. Shangazi alitoka Idodi na mchele mpya, akafika amelowa hadi kilemba. Wazee wa ukoo wakakaa sebuleni wakiwa na majibu yao tayari, yale ya kulegea kidogo, na Lusia akavaa gauni alilolishona mwenyewe. Walingoja mpaka wali ukapoa. Saa hiyohiyo Jofrey, shati limechomekwa kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa ameketi upande wa pili wa Kihesa kwa wazazi wa Goodness, muuzaji wa duka la dawa, akimwombea Kasian mke. Goodness aliwahi kumtabasamia Kasian akimpa dawa ya mafua, na huo kwake ulikuwa ushahidi. Wazazi wa Goodness walimwambia Jofrey kwamba hapo hakuna binti. Kasian akamfuta na huyo.

Jumatatu Lusia aliingia bandani. Jofrey alijifanya anatafuta waya chini ya meza.

"Kasian, shangazi yangu ametoka Idodi kwenye mvua."

"Pole yake. Lakini Lusia, mlikataa."

"Nani alikataa? Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya washenga wako!"

"Baba mdogo alisema hakuna binti. Mimi nilifuata utaratibu."

Lusia akanyoosha kidole kwenye skrini. "Ile sanamu iliyosema ufunguo kwangu haupo. Ufunguo ulikuwa wapi?"

Kasian akageukia skrini. Niliona jambo likimwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Alikuwa amelifumbua fumbo lile mbele yetu sote, amepigiwa makofi, na hakubeba hata chembe yake kutoka pale mezani hadi barabarani.

"Ningoje," alisema. "Nitalirudia."

"Rudia," alisema Lusia. "Gemu ni yako." Akatoka, na cherehani yake haikusikika tena.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata Kasian akaenda kwa Mzee Saulo. Mzee Eliezeri alikataa kwenda, Jofrey aliona aibu, basi akaenda peke yake, jambo ambalo hakuna mwanamume wa huku anayelifanya, akiwa amevaa koti langu. Mzee Saulo hakumkaribisha ndani.

"Kijana, hapa hakuna binti wa kuolewa."

Kasian alirudi akiwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alitueleza bandani kwamba sasa ameelewa. Nyumba ile hukanusha. Mzee akikanusha, maana yake binti yupo. Ni suala la kurudi tu, bila kubadilisha kitu kingine chochote, mpaka mlango ufunguke. Akarudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Mzee Saulo akamjibu maneno yaleyale, na kila mara Kasian alirudi akiwa na uhakika zaidi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mimi moyo nilikuwa nao, ila sikuona sababu.

Mvua zilipokatika nilifunga mizigo kuelekea Tunduma, nikashuka Mbalizi kutafuta mtu wa kunishonea mkoba uliochanika. Karibu na soko, kwenye kibaraza cha duka la dada yake, Lusia alikuwa nyuma ya cherehani mpya, ametundika magauni mlango mzima. Tukasalimiana. Akauchukua mkoba, akauweka chini ya sindano.

"Bado anaenda kwa baba mdogo?" aliuliza.

"Kila Jumamosi."

"Na baba mdogo anamjibuje?"

"Kwamba hakuna binti."

"Si ndiyo kweli? Mimi niko hapa tangu mwezi wa tatu."

"Anasema mzee anakanusha."

Lusia akakata uzi kwa meno. Alicheka kidogo, kicheko kikavu, kisha akaujaribu mshono kwa vidole viwili.

"Kumbe amejifunza," alisema, akanirudishia mkoba. Akauliza koti langu liko wapi, maana Mbalizi kuna baridi. Nikamwambia bado analo yeye.