Penina Apiga Magoti Relini Bukene

Bibi yangu Penina alikuwa mbishi, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka 1937 mumewe, Rwegasira, alikuwa anamaliza mwaka wa saba akipanga mataruma, yale magogo ya kulalia vyuma, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, kituo cha Bukene. Kule kwao Nyanga, Bukoba, kaka mkubwa wa Rwegasira, Ishengoma, akaitisha ukoo. Wakakata shauri: Rwegasira asipokanyaga kibanja chake kwa miguu yake kabla ya Pasaka, migomba na kahawa vyote vinarudi kwa ukoo. Bibi na binti zake wawili wangehamia wapi? Hilo halikumnyima mtu usingizi.

Bibi hakulia. Alifunga ndizi za kuchoma kwenye jani, akapanda meli Bukoba hadi Mwanza, kisha treni, kitu ambacho alikuwa hajawahi kukiona.

Bukene akampigia mumewe magoti, akamsalimu. Rwegasira akageuza uso. Kwetu Wahaya mwanamke aliyepiga magoti anangoja kuitikiwa, na Babu alijua akiitika tu, amekubali na kilichomleta mkewe.

"Nirudi na nini?" akasema. "Miaka saba, sina hata blanketi la kumpa kaka."

Aibu tupu. Siku tatu akawa anamkwepa.

Asubuhi ya nne treni ya Mwanza ikasimama Bukene. Wakiikosa hiyo, na meli ya mwisho kabla ya Pasaka wameikosa. Bibi akashuka relini, mbele ya injini, akapiga magoti juu ya mataruma aliyoyapanga mumewe. Dereva akapiga filimbi. Stesheni masta akafoka. Abiria wakajaa madirishani.

"Namsalimu mume wangu," Bibi akasema. "Hajaitika."

Genge zima la wafanyakazi wenzake likamgeukia Rwegasira. Babu aliniambia mwenyewe kwamba aibu ya siku ile ilikuwa kubwa hata ikaifukuza ile ya kwanza. Akashuka, akaitika kwa Kihaya, bila kuruka neno, akauliza habari za watoto, za majirani, za migomba, huku dereva akiendelea kupiga filimbi. Ndipo Bibi akainuka. Wakapanda.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka wakaingia Nyanga. Ukoo ulikuwa umeshakaa. Ishengoma akamtazama mdogo wake, akaitazama mikono yake mitupu.

"Miaka saba. Umetuletea nini kutoka huko relini?"

Babu akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Bibi.

"Miguu yake, shemeji. Ndiyo mliyoidai."